Somo la Uraia: Kura, Amani na Shukrani

Twataka kuwaletea somo juu ya jambo ambalo watu hulitaja mara nyingi, lakini si wengi walichunguzao. Jambo lenyewe ni amani wakati wa kura. Tumezoea kusema, "Nchi yetu ni nchi ya amani," kama mtu asemavyo kwamba mbuyu ni mti mnene. Lakini mbuyu hunenepa wenyewe, wala hapana mtu aupaliliaye. Amani haiko hivyo. Amani ni kama shamba la uwele: lina aliyelilima, lina aliyewinga ndege, na likiachwa msimu mmoja tu huota magugu.

Twaomba mwalimu awasomee wanafunzi somo hili polepole, na mzee ajuaye kusoma awasomee wenziwe barazani. Mwisho tumeweka maswali ya kujibu.

1. Kwa nini tushukuru

Mtu hashukuru vema asipojua aliepushwa na nini. Wazee wa Ugogo walisimuliwa na wazee wao habari za njaa iliyoitwa Mtunya, katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza na baada yake. Vita vile havikuanzishwa na Wagogo, wala Wagogo hawakuulizwa shauri. Wadachi na Waingereza walipigana, na majeshi yao yakapita katika nchi hii kavu. Yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, na yalichukua vijana kuwa wapagazi. Mvua ilipokosa kunyesha, ghala zilikuwa tupu, mazizi yalikuwa matupu, na mikono ya kulima haikuwako. Watu elfu nyingi walikufa.

Tumeanza na habari hii kwa sababu moja. Katika nchi yetu ya katikati mvua huja msimu mmoja tu, kuanzia mwezi wa Desemba hata Aprili, na kuna miaka haiji sawasawa. Nchi yenye mvua nyingi yaweza kupoteza msimu kwa fitina ikapanda tena baada ya miezi michache. Sisi hatuwezi. Kijana akishika rungu mwezi wa Desemba badala ya jembe, watoto wake hawatapata ugali mwezi wa Agosti. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anapoiombea nchi amani siku za kura, anaombea chakula chake mwenyewe.

2. Kura za mwaka wa 1958 na 1959

Kura za kwanza za kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika zilipigwa kwa mafungu mawili, la kwanza mwezi wa Septemba mwaka wa 1958, na la pili mwezi wa Februari mwaka wa 1959. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Waingereza, na Dodoma ilikuwa makao ya Jimbo la Kati.

Sheria ya kura zile ilikuwa ngumu. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi. Tena alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma kufika darasa la nane, au awe na kazi ya cheo iliyotajwa katika sheria. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 9, lakini walioandikwa katika daftari hawakuzidi 60,000. Mkulima wa mtama, hata akiwa na ng'ombe hamsini na hekima ya kuamua mashauri ya nchi nzima, hakuandikwa.

Palikuwa na ugumu mwingine uliowachoma watu zaidi. Killa mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, na Mwasia mmoja. Akichagua Mwafrika tu, karatasi yake iliharibika. Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine wote, lakini viti viligawanywa sawa kwa mafungu matatu. Watu wengi waliona ya kuwa hii ni dhihaka, na baadhi yao walisema ni afadhali kukataa kura kabisa.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kulishauri jambo hilo. Mkutano ulikuwa mkali. Kama wangekataa kura, viti vyote vingechukuliwa na watu wengine, na yamkini hasira za vijana zingetafuta njia ya mikono. Julius Nyerere aliwasihi wakubali kuingia katika kura zile mbaya, ili washinde kwa sheria ile ile isiyowapenda. Wakakubali. Uamuzi ule huitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Wengine hawakuridhika, na mmoja wao, Zuberi Mtemvu, alitoka akaunda chama chake. Lakini aliunda chama; hakuunda kikosi.

Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, Nyerere alihukumiwa mahakamani kwa maandiko yaliyowashutumu Mabwana Shauri wawili. Alitozwa faini ya pauni 150, au kifungo cha miezi sita. Msomaji ataona ya kuwa faini hiyo ilikuwa sawasawa na pato la mwaka lililotakiwa kwa mpiga kura. Nyerere alilipa faini. Angeweza kwenda gerezani na kujipatia sifa, na watu wake wangekasirika siku chache tu kabla ya kura. Alichagua kulipa, na kura zikapigwa kwa utulivu. Wagombea waliosaidiwa na TANU wakashinda, Waafrika, Wazungu na Waasia, katika mafungu yote mawili.

Hapo twajifunza neno la kwanza: amani haikuja kwa sababu sheria ilikuwa nzuri au watu hawakuwa na manung'uniko. Manung'uniko yalikuwapo, tena ya haki. Amani ilikuja kwa sababu waliokuwa na manung'uniko waliona mlango, mwembamba lakini wazi, wakaamua kupita mlangoni kuliko kubomoa ukuta.

3. Kura za mwaka wa 1960

Baada ya miaka miwili mlango ulipanuliwa. Pato lililotakiwa lilipunguzwa kuwa pauni 75, au ilitosha mtu ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Walioandikwa walizidi 800,000. Siku ya kura ilikuwa tarehe 30 Agosti mwaka wa 1960. Baraza lilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa, na katika viti 58 mgombea alikuwa mmoja tu, akapita bila kupingwa. TANU ilipata viti 70.

Kiti kimoja kilichobaki kina somo lake. Kilikuwa cha Mbulu, jirani zetu wa upande wa kaskazini. Makao makuu ya chama yalimteua mgombea wake, lakini watu wa Mbulu walimtaka Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU vilevile, aliyesimama kwa nafsi yake. Wakamchagua yeye. Chama kilichokuwa na viti 70 kingeweza kuona aibu na kulipiza kisasi. Lakini Sarwatt alichukua kiti chake Barazani kama wenziwe. Watu wa Mbulu walimwambia mkubwa, "Hapana," naye mkubwa akasikia, na jua likachwa salama. Nchi ambayo mkubwa aweza kuambiwa "hapana" bila damu kumwagika ni nchi yenye bahati.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba mwaka wa 1961, Tanganyika ilipata uhuru.

4. Majirani zetu katika siku zile

Ili tujue thamani ya utulivu ule, tutazame pande tatu.

Kaskazini, katika nchi ya Kenya, Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, ikakaa mpaka mwezi wa Januari mwaka wa 1960. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, na waliodai hawakupata mlango wa kuingilia. Waafrika zaidi ya 10,000 waliuawa, na watu wengi sana walifungwa katika makambi.

Magharibi, katika Rwanda, fitina ya vyama na makabila ilianza kumwaga damu mwezi wa Novemba mwaka wa 1959. Watu elfu nyingi walikimbia, na baadhi yao waliingia Tanganyika na mizigo vichwani. Kongo ilipiga kura mwezi wa Mei mwaka wa 1960 na kupata uhuru tarehe 30 Juni. Hazikupita siku nyingi askari wakaasi, Katanga ikajitenga, na mwezi wa Januari mwaka wa 1961 Waziri Mkuu Patrice Lumumba, aliyepata ukubwa kwa njia ya kura, akauawa.

Mashariki, katika Unguja na Pemba, kura za mwezi wa Januari mwaka wa 1961 zilikaribiana ajabu. Chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha tatu 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Chama cha tatu kikagawanyika, pande mbili zikawa sawa, 11 kwa 11, na ikabidi kura zirudiwe mwezi wa Juni. Siku ya kura hizo za pili ugomvi ulizuka mjini ukaenea mashambani, na watu 68 wakauawa. Wengi waliokufa na waliowaua walikuwa wakiteka maji katika visima vimoja na kusema lugha moja.

Wahenga walisema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Hawakusema, "Mwenzako akinyolewa, wewe mcheke." Hatusimulii habari hizi ili tujivune kwamba sisi tu wema kuliko watu wa Kenya, Rwanda, Kongo au Unguja. Watu wale walikuwa kama sisi. Kilichotofautiana ni mambo yaliyotengenezwa na watu, na mambo yaliyotengenezwa na watu hutengenezeka kwetu, na huharibika kwetu vilevile.

5. Sababu za utulivu ule

Mwanafunzi atauliza, "Mambo hayo ni yapi?" Twajibu kwa kifupi.

Kwanza ni lugha. Katika Tanganyika yalikuwako makabila zaidi ya 120, lakini mtu aliyetoka pwani aliweza kusimama chini ya mti huko Manyoni akasema Kiswahili na kufahamiwa. Maneno ya siasa hayakusemwa katika lugha ya kabila moja dhidi ya jingine.

Pili, hapakuwa na kabila moja lenye nguvu ya kuyameza mengine yote. Killa kabila lilihitaji jirani.

Tatu, ardhi iliyochukuliwa na walowezi ilikuwa kidogo kuliko ya Kenya. Hata hivyo watu waliumizwa. Mwaka wa 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika nchi yao ya Engare Nanyuki. Hawakushika mikuki. Walimtuma mjumbe wao, Kirilo Japhet, akafika New York mwaka wa 1952 akasema mashtaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa nchi yao wakati ule, lakini Watanganyika wote walijifunza ya kuwa neno laweza kusafiri mbali kuliko mshale.

Nne, viongozi walijizuia, na waliowafuata wakazuilika. Hili la mwisho ndilo kubwa. Kiongozi akitaka amani na wafuasi wake hawataki, hafiki mbali. Na wafuasi wakitaka amani na kiongozi akapuliza moto, nyumba huungua.

6. Habari ya Chimwaga

Tusidhani ya kuwa habari hizi ni za mababu tu. Tangu mwaka wa 1965 mpaka 1992 nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria. Lakini hata katika miaka hiyo wapiga kura walichagua mtu kati ya wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba, na mwaka wa 1965 hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa katika kiti chake. Mwaka wa 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na hivyo mji wetu ukawa mahali pa mashauri makubwa.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1995, baada ya vyama vingi kurudi, mkutano mkuu wa Chama cha Mapinduzi ulikutana hapa Dodoma, katika ukumbi wa Chimwaga, kumteua mgombea wa urais. Majina yaliyofika mwisho yalikuwa matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Katika kura ya kwanza Kikwete aliongoza, lakini hakufikia nusu ya kura zote. Kura zikarudiwa kati yake na Mkapa, na Mkapa akashinda kwa kura chache.

Jiweke wewe, msomaji, mahali pa kijana yule. Asubuhi uko mbele, jioni uko nyuma. Wafuasi wako wananong'ona kwamba umeibiwa ushindi. Kikwete alikubali, akamtumikia Mkapa miaka kumi akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka wa 2005 akachaguliwa kuwa Rais mwenyewe. Wala habari haikuishia hapo. Kura za Kenya za tarehe 27 Desemba mwaka wa 2007 zilipoleta mauaji ya watu zaidi ya 1,000, na watu mamia ya maelfu kufukuzwa makwao, hazikupita siku nyingi Kikwete akawa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Alikwenda Nairobi, akasaidiana na Kofi Annan, mpaka Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mapatano tarehe 28 Februari mwaka wa 2008. Mtu aliyejua kushindwa Chimwaga alikuwa na neno la kuwaambia wenziwe Nairobi. Ndiyo maana wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

7. Nyufa katika ukuta wetu

Sasa tumefika mahali pagumu pa somo. Mwalimu asiparuke.

Shukrani isiyo na ukweli ni sifa za mlevi. Mwezi wa Januari mwaka wa 2001, baada ya kura za mwaka wa 2000 zilizobishaniwa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika Unguja na Pemba walipofanya maandamano, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Kenya. Hapa hapa Dodoma, tarehe 7 Septemba mwaka wa 2017, Tundu Lissu, Mbunge wa Singida Mashariki, mwana wa nchi yetu hii ya katikati, alipigwa risasi nyingi mchana nje ya nyumba yake, akapona baada ya kutibiwa muda mrefu Nairobi na Ubelgiji.

Na katika mwaka wa 2025, vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea urais katika karatasi ya kura ya Muungano, na Lissu mwenyewe, akiwa mwenyekiti wa chama chake, alikuwa rumande tangu mwezi wa Aprili kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura, tarehe 29 Oktoba, na siku zilizofuata, maandamano na ghasia zilizuka katika Dar es Salaam na miji mingine. Mtandao wa mawasiliano ulikatwa, watu walikatazwa kutoka nje usiku katika Dar es Salaam, na watu waliuawa. Hesabu zilizotajwa na pande mbalimbali zilitofautiana sana. Tarehe 14 Novemba Rais Samia Suluhu Hassan, alipofungua Bunge hapa Dodoma, alitoa pole kwa waliofiwa na kutangaza tume ya kuchunguza yaliyotokea.

Gazeti hili si mahakama. Lakini twasema lile ambalo mzee ye yote wa baraza angelisema. Mama aliyezika mwanawe hawezi kuambiwa, "Shukuru kwa amani." Kwanza apewe mkono wa pole, kisha aambiwe ukweli wa kilichomwua mwanawe, kisha haki ifuate njia yake. Turudi kwenye somo la mwaka wa 1958: watu waliokuwa na manung'uniko walipita mlangoni kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, ijapokuwa ulikuwa mwembamba. Mlango ukifungwa, mwenye busara atabisha hodi, atabisha tena, lakini nyuma yake wamesimama vijana wasio na subira. Kwa hiyo amewajibika anayeshika ufunguo, na amewajibika anayebisha. Killa mmoja ana fungu lake la amani, wala mmoja hawezi kumwachia mwenziwe mzigo wote. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

8. Mfano wa kisima

Tutoe mfano mmoja, ili somo lifahamike hata kwa watoto. Tuseme kuna kijiji chenye kisima kimoja. Upande wa mashariki wanakaa watu wa ukoo mmoja, na upande wa magharibi watu wa ukoo mwingine. Wameoana, na ng'ombe za mahari zimevuka mara nyingi huku na huku. Wakati wa kuchagua mwenyekiti wa kijiji umefika. Killa upande umesimamisha mtu wake, na mtu wa mashariki ameshinda kwa kura saba.

Jioni vijana wa mashariki wanacheza ngoma mpaka mbele ya mlango wa aliyeshindwa. Kesho yake mwanamke wa magharibi anafika kisimani na ndoo yake, anaambiwa, "Ngojeni ninyi, wenye kijiji wateke kwanza." Hakupigwa mtu, wala serikali haikuitwa. Lakini vita vya kijiji kile vimekwisha anza. Miezi miwili baadaye bomba la kisima likiharibika, watu wa magharibi hawatatoa fedha zao, watakwenda kuteka katika korongo, na watoto wa pande zote mbili wataugua tumbo.

Sasa tuligeuze. Jioni ile ile mwenyekiti mpya anawanyamazisha vijana wake, anachukua wazee wawili, anakwenda kwa aliyeshindwa. Anabisha hodi, anakaribishwa, anasema, "Ndugu yangu, kura zako si zangu, lakini watu waliokupa kura ni watu wangu. Nisaidie." Naye aliyeshindwa, kama ana neno juu ya hesabu, alisema mbele ya wazee na msimamizi, karatasi zihesabiwe tena mchana, machoni pa wote. Bomba likiharibika, fedha zitapatikana. Amani ya taifa zima ni visima vingi vya namna hii.

9. Yatupasayo

Mzee na kiongozi wa kijiji. Serikali ya watemi ilikwisha mwaka wa 1963, lakini neno la mzee halikufutwa na sheria yo yote. Msimamizi wa kura ashike sheria hata dhidi ya rafiki yake. Daftari lisikose jina la mtu kwa sababu ya chama chake. Hesabu itangazwe kwa sauti, ibandikwe mahali watu waonapo, wala asikasirike akiulizwa swali. Swali linalojibiwa mchana halizai jiwe usiku.

Mwalimu. Wafundishe watoto kuchagua kiongozi wa darasa kwa karatasi za siri, wahesabu wenyewe, na aliyeshindwa ampe mkono aliyeshinda. Mtoto aliyejifunza kushindwa akiwa na miaka kumi hatachoma nyumba ya mtu akiwa na miaka thelathini.

Mwananchi. Kura yako ni siri na ni yako. Usiiuze kwa kilo ya sukari wala kwa kanga. Uvumi ukikufikia, uliza umetoka wapi kabla hujaupitisha, maana siku hizi neno la uwongo hufika Singida kabla mtu wa Bahi hajavaa viatu. Mwenye chama kingine ni jirani yako. Siku ya msiba wako ndiye atakayechimba kaburi pamoja nawe.

Basi tumshukuru Mungu kwa miaka mingi ambayo kura zetu zilipigwa na jioni watu wakarudi makwao salama. Tuwashukuru waliokaa Tabora wakameza hasira, waliotoka Mbulu wakasema "hapana" kwa karatasi, na aliyeshindwa Chimwaga akanyosha mkono. Lakini mkulima wa Ugogo akishukuru kwa mavuno, hali mbegu. Huichagua mbegu iliyo nzima, huining'iniza juu ya moshi wa jikoni isitobolewe na wadudu, akaingoja mvua. Nasi tuifanye vivyo hivyo amani tuliyoirithi. Tumekwisha ona ya kuwa wadudu wameingia. Tuichambue mapema, kabla ya msimu mwingine.

Maswali

1. Ni mambo gani matatu yaliyoweza kumpa mtu haki ya kuandikwa mpiga kura mwaka wa 1958?

2. Kwa nini uamuzi wa Tabora uliitwa Uamuzi wa Busara? Wewe ungekubali au ungekataa? Toa sababu.

3. Eleza yaliyotokea Mbulu mwaka wa 1960. Kwa nini twasema nchi ile ilikuwa na bahati?

4. Kura moja ya Chake Chake yatufundisha nini juu ya kuhesabu kwa uangalifu?

5. Katika mfano wa kisima, vita vilianza lini? Nani angeweza kuvizuia?

6. Waulize wazee wawili wa kijijini kwako habari za kura za zamani walizopiga. Andika majibu yao katika daftari, uyasome mbele ya darasa.